Simu Mpya, Namba Ileile



Kuna swali linaloulizwa kila mara mbele ya meza za wauza simu mjini kwetu Kalemie: nikinunua simu mpya, je, lazima ninunue na kadi mpya ya SIM? Jibu ni fupi: hapana. Toa kadi yako kwenye simu ya zamani, iweke kwenye simu mpya, washa, kisha endelea kuongea. Namba ni ileile. Initi zako zipo. Makuta yako ya M-Pesa, ya Airtel Money au ya Orange Money yapo. Lakini wengi hawajaambiwa hivyo, na kutojua huko kunawapotezea watu wetu pesa, na wakati mwingine kunawapotezea watu wao wa karibu.

Tuanze na namna mambo yanavyofanya kazi. Kila simu ina namba yake ya kiwandani, tarakimu 15, iitwayo IMEI. Bonyeza *#06# sasa hivi utaiona kwenye kioo. Hiyo ni namba ya chombo. Namba yako wewe, ile uliyowapa ndugu na wateja, haimo ndani ya chombo. Imefungwa kwenye kadi, na kadi imeandikishwa kwa jina lako katika kompyuta za kampuni. Mtandao ukitaka kujua ni nani anapiga, unaiuliza kadi. Hata pesa zako hazikai ndani ya simu, wala ndani ya kadi. Zinakaa kwenye akaunti iliyo katika mitambo ya kampuni, na mlango wake ni namba yako pamoja na namba ya siri unayoijua wewe peke yako. Mtu akihamia nyumba nyingine habadilishi jina. Na simu ni nyumba tu.

Sisi Wakongo tulilipia somo hili. Mnakumbuka tozo ya simu iliyoitwa RAM, iliyoanza Septemba 2020. Kwa mwaka, simu ya 2G ilitozwa dola 1, na ya 3G kwenda juu dola 7, zikikatwa moja kwa moja kwenye initi za mwenye simu. Wananchi walilalamika, wabunge wakapiga kelele, na mapema 2022 tozo ikaondolewa. Ilikuwa mzigo usio wa haki kwa maskini, na ni vizuri kwamba ilikufa. Lakini angalieni ilifuata kitu gani: ilifuata IMEI, yaani chombo. Serikali yenyewe ilitenganisha simu na namba. Basi na sisi tuvitenganishe.

Kwa nini basi mteja anatoka dukani na simu mpya pamoja na kadi mpya? Sababu moja ni kwamba anayeuza kadi hupata chake kwa kila kadi anayoiwasha. Simlaumu kijana anayetafuta mkate wa watoto wake. Namwomba tu amwambie mteja ukweli: mama, kadi yako bado ni nzima, haina haja ya kubadilishwa. Na kuna jambo baya zaidi. Kadi nyingine huuzwa zikiwa zimekwisha kuwashwa, kwa jina la mtu usiyemjua. Utaweka akiba yako humo, utapokea malipo humo, na siku kadi itakapopotea, kampuni itamtafuta aliyeandikishwa. Si wewe. Pesa ni zako, jina ni la mwingine. Msikubali kadi ya namna hiyo, hata ya bure.

Sasa tuhesabu anachopoteza mtu anayeitupa namba yake. Mchukueni mama anayetuma ndagala kwa reli. Wateja wake wa Kabalo na wa Lubumbashi hawamjui kwa sura, wanaijua namba. Siku anayoibadili, oda zinaenda kwenye simu isiyopokelewa. Wachukueni wale waliokimbia vita vya mwaka 2016 na 2017 huko Nyunzu, Manono na kwingineko, wakafika hapa na watoto mgongoni na simu mfukoni. Namba ileile ndiyo iliyowafanya wapatikane na kaka aliyekimbilia upande mwingine. Kwa familia iliyotawanyika, kubadili namba bila kumjulisha kila mtu ni kupotea mara ya pili.

Tena namba uliyoiacha haifi. Ikilala kimya kwa muda mrefu, kampuni huirudisha sokoni na kumuuzia mtu mwingine. Huyo mgeni atapokea simu za shangazi yako. Atapokea na ujumbe wenye tarakimu 6 ambao WhatsApp hutuma ili kuthibitisha mwenye namba, na akitaka ataingia mahali pako.

Ziko hali ambazo kadi mpya inahitajika kweli. Tuzitaje.

Ya kwanza ni ukubwa. Kadi ya SIM ya kwanza duniani ilitengenezwa mwaka 1991 mjini Munich, Ujerumani, na kampuni ya Giesecke & Devrient, kwa ajili ya mtandao wa Radiolinja wa Finland. Ilikuwa kubwa kama kadi ya benki. Ikapungua, ikapungua tena, na tangu 2012 simu nyingi za tachi zinataka ile ndogo kabisa, ya milimita 12.3 kwa 8.8. Mwenye kadi ya zamani anaipeleka kwa fundi, fundi anachukua mkasi. Mtazameni anavyokata: plastiki nyeupe ya pembeni inaondoka, lakini mkasi ukigusa kile kibati cha rangi ya dhahabu, kadi imekwisha. Na hata ikikatwa vizuri, kadi ya zamani ni nene kidogo kuliko ile ndogo. Inaweza kukwama ndani na kuharibu sehemu ya kuwekea. Kuliko mkasi, nenda kwenye ofisi ya kampuni, omba wakubadilishie kadi huku namba ikibaki ileile.

Ya pili ni umri. Kadi iliyotolewa zamani, enzi za 2G, inaweza kuongea vizuri ikashindwa kushika 4G. Umenunua simu nzuri, intaneti inakwenda kwa kuchechemea, unailaumu simu. Pengine ni kadi. Hapo nako, badilisha kadi, usibadilishe namba.

Ya tatu ni kuibiwa au kupotelewa. Piga kampuni mara moja, kwa simu ya jirani ikibidi, wafunge laini. Kisha nenda na kitambulisho chako ukadai kadi mpya yenye namba yako ya zamani.

Ya nne inawahusu wenye ndugu Ulaya na Marekani. Simu ikitoka huko inaweza kuwa imefungwa kwa mtandao wa kule. Utaweka kadi ya Vodacom, utaweka ya Orange, utaweka ya Africell, zote zitakataliwa. Hata ukinunua kadi kumi haitasaidia. Mwenye kuifungua ni kampuni iliyoifunga. Tena iPhone zilizouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina hata tundu la kadi. Zinatumia laini ya kielektroniki, eSIM. Kabla ndugu yako hajatuma, mwambie aulize mambo mawili: imefunguliwa? Ina sehemu ya kadi?

Na ukishapata simu yako mpya, fanya kwa utaratibu. Angalia kwanza majina ya watu yamehifadhiwa wapi. Kadi nyingi hazibebi zaidi ya majina 250 hivi. Mengine yamo kwenye simu ya zamani, na ukiiuza leo umeyauza nayo. Yahamishe kwanza. Hifadhi mazungumzo ya WhatsApp. Zima simu, ndipo utoe kadi. Ikikuuliza PIN, usibahatishe: ukikosea mara 3 itafunga na kudai PUK, na PUK ukiikosea mara 10 kadi imekufa kabisa. Zile tarakimu za WhatsApp na namba ya siri ya pesa usimpe mtu yeyote, hata fundi anayekusaidia kwa upendo. Mwisho, futa kila kitu kwenye simu ya zamani kabla haijaondoka mkononi mwako.

Sasa nageukia kampuni za simu, na naongea nazo kwa heshima lakini bila kuzunguka. Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, Zain ikageuka Airtel mwaka 2010, na namba za 099 zikaendelea kulia mifukoni mwa watu. Mliweza kubadilisha jina la kampuni nzima huku mteja akibaki na namba yake. Basi hamwezi kushindwa kumbadilishia mtu mmoja kadi moja. Mtu wa kijiji cha Nyunzu hapaswi kulipia pikipiki mpaka Kalemie kwa ajili ya kipande cha plastiki. Wapeni mawakala wenu wa vijijini uwezo wa kufanya kazi hiyo, kwa usalama na kwa kumbukumbu. Na kwa wengi wetu kitambulisho ni kadi ya mpiga kura. Aliyeipoteza akikimbia risasi anahitaji njia nyingine ya kuthibitisha kwamba yeye ni yeye: historia ya namba, namba anazopigia mara kwa mara, miamala yake ya mwisho. Mnayo yote hayo kwenye kompyuta zenu. Chungeni pia upande wa pili: mwizi naye huja na karatasi akidai namba ya mtu. Urahisi usiwe mlango wa wizi.

Nanyi vijana wa kabini za simu, mnaoketi chini ya miavuli toka asubuhi, ninyi ndio ofisi ambayo watu wengi wanaijua. Papa mzee akija na simu aliyotumiwa na mwanawe, msaidieni kuhamisha kadi yake. Mtozeni franka za kazi yenu, ni haki yenu. Msimuuzie namba asiyoihitaji.

Msikilizaji, simu utazibadilisha nyingi maishani. Zitaanguka majini, zitaibiwa, zitachakaa. Namba iwe moja, iandikishwe kwa jina lako halali, na uijue kichwani. Wiki hii, kabla hujapata shida, ingia kwenye ofisi ya kampuni yako na uulize swali moja: laini hii imeandikishwa kwa jina la nani? Likiwa si lako, dai lirekebishwe siku hiyohiyo.