Ile kaye ni ya mwenyewe

Maneno tuliyotoa kwa mkutano wa wanachama na wafadhili



Tunaongea juu ya ile kaye ambayo wamoja kati yenu wameanza kuandika, sababu maswali yamekuwa mengi. Kazi hii haikutoka kwa madaktari. Ilianza mwaka wa 1997 kule Vermont, Marekani, wakati familia zetu nyingi zilikuwa zimeshavuka ziwa, ziko Nyarugusu na Lugufu. Watu waliopitia ugonjwa wa akili wao wenyewe, kati yao Mary Ellen Copeland, walikaa pamoja wakapanga yale yanayowasaidia wasianguke tena. Mpango wao unaitwa WRAP.

Ndani iko nini? Yanayokutuliza: kulima asubuhi, kwaya, kulala mapema. Yanayokuchokoza: mlio wa risasi, kesi ya shamba. Halafu dalili za mwanzo. Mmoja anaacha kuoga, mwingine anafagia kiwanja usiku wa manane. Hizo mwenyewe anazijua kuliko muuguzi yeyote.

Lakini ukurasa wenye uzito ni ule wa siku mbaya. Pale mtu anaandika, akili ikiwa imetulia, wafanye nini siku hataweza kujiamulia: nani akae naye, nani asimkaribie, dawa gani anakubali, wapi asipelekwe. Tunajua inavyokuwa kwetu. Mtu akivurugika, kila mtu anakuwa mkubwa wake. Huyu analeta kamba, yule anasema afungiwe chumba cha maombi siku tatu bila kula. Ukurasa ule unasema kwa niaba yake.

Na hapo kurudi kwetu kunaleta shida. Nani akae naye? Kambini jirani alikuwa ukuta kwa ukuta, ndiye alijua yote. Sasa jirani huyo amebaki Nyarugusu, ao amepelekwa Marekani, na sisi tuko Fizi, katika vijiji ambamo wengine hawatujui tena, wengine tunagombania nao mashamba. Kuna watu wanafika kwa ukurasa huo wanaweka kalamu chini. Tusiwasukume. Jina moja tu, la mtu wa humu chamani, linatosha kuanza. Asiyejua kuandika achore, ao awaambie watu wawili anaowaamini.

Wafadhili wetu, tumeombwa nakala za kaye hizi kwa ajili ya ripoti. Jibu letu ni hapana. Ndani mna majina ya watu ambao mwenyewe anawaogopa. Zikisomwa ofisini, hakuna atakayeandika ukweli. Hesabuni mikutano na waliofika. Mkitaka ushahidi kwamba kazi inafaa, upo: kule Ohio watu 519 walifuatwa, na waliopata mafunzo haya walipungukiwa na dalili, tumaini likaongezeka. Walimu wao walikuwa watu waliougua na kupata nafuu. Basi pesa ya mafunzo iwafikie watu kama hao kwanza, hata nauli yao, kabla ya semina za hoteli.

Wanaomeza dawa waendelee. Kaye haichukui nafasi ya dawa.

Kikundi kinakutana Alhamisi saa nane, nyuma ya ofisi. Kaye na kalamu zipo. Hatutaandika jina la mtu mlangoni.