Kasino Ilivyohama Mpaka Mashimoni

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Mashimoni, Kibera. Wenzetu wa Kawangware waliomba yapigwe chapa ili wasiofika nao wayasome.)



Mwenyekiti ametupa nafasi ya kusema juu ya kamari. Wengine mlipolisikia neno hilo mlicheka, mkadhani twaja kuhubiri. La. Mahubiri yana wenyewe, na hapa Kibera hatukosi kanisa wala msikiti. Sisi ni chama cha wafanya kazi, na shughuli yetu ni mshahara: ni kiasi gani, unalipwa lini, na unapita njia gani kabla haujafika nyumbani kwa mama watoto. Hilo la mwisho ndilo lililotuleta.

Yafaa kwanza tujue kasino ni kitu gani na ilitoka wapi, kwa maana haikuumbwa kwa ajili ya mtu wa kibarua.

Mwaka 1863 ilifunguliwa kasino ya Monte Carlo katika Monaco, nchi ndogo sana iliyo pwani, imezungukwa na Ufaransa. Mtawala wa nchi ile alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya ardhi yake, na hazina yake ilikuwa tupu. Akamwita Mfaransa mmoja, François Blanc, aliyekuwa akiendesha kamari katika mji wa Homburg huko Ujerumani, mahali ambapo matajiri walikwenda kuoga na kunywa maji ya chemchemi kwa ajili ya afya. Blanc aliijua kazi. Hakuweka meza tu. Aliweka hoteli na bustani, na reli ilipofika mwaka 1868 wageni walimiminika kutoka kila upande wa Ulaya. Mwaka 1869 mtawala aliwafutia raia wake kodi ya mapato.

Sasa shikeni jambo hili. Sheria ya Monaco iliwakataza wenyeji kucheza katika meza za kasino iliyo katika nchi yao wenyewe. Kufanya kazi humo, ruhusa. Kupika, kufagia, kubeba mizigo ya wageni, ruhusa. Kuweka dau, hapana. Mtawala alijua alifanyalo: alitaka fedha ya mgeni iingie, hakutaka fedha ya mvuvi wake itoke.

Na fedha hiyo yapatikanaje? Hapana uchawi. Gurudumu la ruleti lina nambari 1 mpaka 36, na sifuri moja, jumla 37. Ukiweka shilingi moja juu ya kila nambari umeweka shilingi 37. Nambari moja itashinda, nawe utapewa 35 pamoja na ile moja yako, yaani 36. Shilingi moja imebaki mezani. Huo ndio ujira wa mwenye nyumba, naye aupata ushinde wewe au ashinde jirani yako. Hana haja ya kuiba. Haja yake ni moja tu, kwamba mcheze tena.

Tuvuke bahari twende Marekani. Jimbo la Nevada lilihalalisha kamari mwaka 1931, wakati wa dhiki kuu. Mwaka ule ule vibarua kwa maelfu walikuja kujenga bwawa kubwa la Hoover katika mto Colorado. Serikali iliwajengea mji wao, Boulder City, na humo pombe na kamari vikapigwa marufuku. Basi siku ya mshahara watu walipanda magari wakaenda Las Vegas, mwendo wa kilomita kama 40. Lakini mshahara wa kibarua una mwisho wake, na wenye mitaji waliliona hilo. Tangu mwaka 1941 walianza kujenga hoteli za kasino kando ya barabara kuu ya kwenda Los Angeles, zenye mabwawa ya kuogelea na waimbaji mashuhuri, ili wawanase wasafiri wenye mali. Watu weusi walikuwa jikoni na katika kufua mashuka. Kuingia kwa mlango wa mbele kama wageni hawakuruhusiwa mpaka mwaka 1960, viongozi wao walipotishia maandamano na wenye hoteli wakalegea.

Afrika Kusini nako ilikuwa hivyo hivyo, tena kwa aibu zaidi. Serikali ya ubaguzi ilikataza kamari katika nchi, lakini ikazibuni zile zilizoitwa nchi za asili, na katika moja yao, Bophuthatswana, ikafunguliwa Sun City mwaka 1979. Mzungu wa Johannesburg alikwenda kwa gari Jumamosi kutenda kilichokatazwa kwao, akarudi Jumapili. Wanamuziki wengi wa dunia waliapa mwaka 1985 kwamba hawatapiga muziki mahali pale.

Hatuzitaji nyumba hizi ili tuzisifu. Twataka mwone umbo lake. Kasino ya zamani ilikuwa na ukuta, mlango na safari ya kuifikia. Tena ilikuwa kama kiwanda. Ilihitaji wapishi, madobi, madereva, walinzi, wagawa karata, na palipo na wafanya kazi wengi chini ya paa moja, chama chaweza kushika. Huko Las Vegas, wafanya kazi wa mapishi na hoteli wa chama kiitwacho Culinary, tawi la 226, waligoma katika hoteli ya Frontier tarehe 21 Septemba 1991. Walikuwa watu 550. Walisimama nje ya lango usiku na mchana, katika jua la jangwa, miaka 6 na miezi 4 na zaidi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyevuka mstari kurudi kazini. Waliozaliwa mgomo ulipoanza walikwisha kuingia shule ulipokwisha. Mwaka 1998 hoteli ilinunuliwa na mtu mwingine, naye akatia sahihi mkataba. Ndugu, sisi tukigoma siku tatu twaanza kutazamana.

Sasa turudi nyumbani.

Sheria yetu ya kamari na bahati nasibu ilipitishwa mwaka 1966, na Nairobi ikapata kasino yake karibu na Museum Hill miaka ile ile ya 1960 ilipokuwa ikiisha. Watalii walicheza, na wakubwa wenye suti. Farasi nao wamekuwa wakishindana kwenye uwanja wa Ngong Road tangu mwaka 1954, majirani zetu kabisa; mtu wa Kibera alikuwa saisi, alifagia mazizi, akawasikia watu wakipiga kelele jukwaani. Lakini rangi ya zulia la kasino mtu wa Mashimoni aliweza kuishi miaka 30 asiijue. Kamari yake ilikuwa pata potea ya kando ya njia, karata tatu juu ya sanduku, na ile kila mtu alijua ni wizi.

Mwaka 2007 ilikuja M-Pesa, na hatutaki kuisema vibaya, kwa maana imetuondolea taabu ya kutuma fedha nyumbani kwa dereva wa basi. Mwaka 2014 SportPesa ilianza, na nyingine zikafuata, na fedha ya dau ikapita katika simu ile ile. Mwaka 2017 kampuni ya GeoPoll iliwauliza vijana wa nchi kadhaa za Afrika, na katika Kenya 76 kati ya kila 100 walijibu kwamba wamewahi kucheza. Halafu zikaja mashine za bonanza kutoka China, zikasimamishwa nyuma ya maduka hapa na Kawangware, zikila sarafu za shilingi 20, hata za watoto waliotumwa unga. Mwaka 2018 Serikali ilizikamata na kuzichoma moto kwa wingi. Tuliona moshi. Mnajua wenyewe kama zimekwisha.

Lakini mashine ina mahali pake, nawe waweza kuzunguka usipite hapo. Simu huizunguki. Kasino imehama kutoka kilimani kwa matajiri, ikashuka, ikaingia mfukoni mwa suruali ya kazi. Na ilipohama iliwaacha nyuma wapishi, madobi na wahudumu wote. Haihitaji mtu wa kufua shuka. Mwaka 2019 Serikali ilipokataa kuzipa upya leseni kampuni 27, kubwa mbili zilisimamisha kazi na watu wao wakaachishwa, na nani kati yenu aliona lango ambalo wangesimama mbele yake?

Tazameni hesabu zake. Ile bahati kubwa ya mechi 17: kila mechi ina matokeo matatu, ushindi huku, ushindi kule, au sare. Zidisha tatu kwa tatu mara 17, utapata njia 129,140,163, na moja tu ndiyo sawa. Mjuzi wa mpira atapunguza kidogo, lakini si kwa kadiri anayojidhania. Ule wa ndege inayopaa, Aviator, unasemekana kurudisha 97 katika kila 100. Mtu asikia 97 akafurahi. Lakini mzunguko mmoja ni sekunde chache tu. Akiweka shilingi 20 mara 100, na hiyo si kazi ya usiku mzima, amepitisha shilingi 2,000, na kwa wastani 60 zimebaki kwa mwenye ndege. Kisha atafanya hivyo kesho. Wale wa Monte Carlo walingoja gurudumu lisimame na mhudumu akusanye vipande kwa fimbo. Hata uvivu ule ulikuwa akiba.

Twaja kwa mshahara. Katika mijengo ya Kilimani na Lavington, msimamizi hulipa Jumamosi mchana, kwa simu. Jumamosi hiyo hiyo alasiri ligi ya Uingereza inaanza. Mtu yu njiani kwa miguu kurudi Kawangware au Kibera, vumbi la saruji bado liko kichwani, ujira wa siku sita umeingia simuni, na simu ile ile yamwita kwa jina lake ikimwambia aweke dau kabla ya mpira kuanza. Tumekaa na wanachama katika kamati. Ndugu mmoja, fundi mwashi hodari, alifika nyumbani Jumamosi tatu mfululizo bila senti, na mara ya nne alikuwa amekopa kwa simu ili arudishe. Hakuwa mlevi. Mke wake alidhani ana mwanamke mwingine, na yeye aliona afadhali adhaniwe hivyo kuliko kusema kweli.

Wazee wa vyama waliujua mtego huu zamani. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1883 kukataza mshahara kulipwa katika vilabu vya pombe, kwa kuwa wasimamizi walikuwa wakiwalipia watu baa, na nusu ya ujira ikabaki kaunta. Mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa nambari 95, wa mwaka 1949, unataja baa na maduka, tena unataja mahali pa starehe. Na sheria yetu wenyewe ya kazi, ya mwaka 2007, kifungu cha 17, yakataza kulipa mshahara mahali pauzwapo pombe, isipokuwa kwa wale waajiriwa wa mahali hapo. Maana yake ni wazi: mshahara usikabidhiwe mtu akiwa amesimama mbele ya yule anayeungoja. Basi twauliza, simu iliyo na kasino ndani ni mahali gani?

Serikali yenyewe ina mkono katika sahani hii. Ushuru wa dau ulikuwa asilimia 20 mwaka 2019, ukafutwa 2020, ukarudi asilimia 7.5 mwaka 2021, ukawa 12.5 mwaka 2023, ukafika 15 mwisho wa 2024, na mwaka 2025 ukashushwa kuwa 5 juu ya fedha anayoweka mchezaji. Mwezi Agosti 2025 ilitiwa sahihi sheria mpya ya kamari, na mamlaka mpya ikaundwa badala ya ile bodi ya zamani. Tutaisoma kifungu kwa kifungu. Lakini mamlaka haitakuja Mashimoni Jumamosi saa tisa.

Wengine wamesema turudi kulipwa fedha taslimu. Kamati imekataa, na twaona imefanya vyema. Mtu mwenye ujira wa wiki mfukoni, akipita kando ya reli jioni, vijana wanamjua. Tunachodai ni kingine. Twataka wasimamizi walipe siku ya Jumanne, wala si Jumamosi; haliwagharimu hata senti moja. Twataka mfanya kazi apewe haki ya kuandika kwamba sehemu ya ujira wake iende moja kwa moja katika akiba ya ushirika, asiiguse simuni. Na tumeazimia kuiandikia mamlaka mpya, kwamba mtu akiomba afungiwe dau kwa miezi sita afungiwe na kampuni zote kwa ombi moja, wala asibembelezwe kwa ujumbe kila asubuhi. Fedha za mazishi za tawi, kuanzia leo, hazitakaa katika simu ya mtu mmoja. Mweka hazina mwenyewe ndiye aliyelitaka jambo hili, na tumempigia makofi.

Mwanachama aliyenaswa aje kwa kamati kabla hajakopa mara ya pili. Hatutamtaja jina, wala hatutamfanyia mzaha.

Wajumbe wa mijengo ya Kilimani na Lavington walete majibu ya wasimamizi wao katika mkutano ujao, Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, hapa hapa. Msimamizi akikataa Jumanne, mjumbe aandike sababu aliyopewa, neno kwa neno. Na wote waliotoa mchango leo wachukue risiti mezani kabla hawajaondoka.