Karata Sabini na Saba



Mwezi uliopita binti yangu aliazima kwa mwenzake karata za taroti, zile ambazo Wazungu huzitumia kupigia ramli. Akaniambia, "Baba, na sisi tutengeneze zetu." Mama yangu, ambaye tunaishi naye, alilisikia neno ramli tu, akasema kitu hicho hakiingii nyumbani mwake.

Nikamtuliza kwa historia. Karata hizi zilianzia Italia ya kaskazini katika karne ya 15, nazo zilikuwa mchezo tu. Mambo ya kutabiria yalikuja kuenea Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18. Jumla yake ni 78: picha maalumu 22, na nyingine 56 katika mafungu manne, yaani vikombe, panga, fimbo na sarafu.

Hapo Mama akacheka. "Mwanangu, si kopa, shupaza, pau na uru hizo?"

Ndizo hasa! Majina hayo tuliyapata kwa Wareno, na kwao maana yake ni vikombe, panga, marungu na dhahabu. Hata turufu tunayoipiga mezani kwa kishindo ni ndugu wa jina ambalo Waitalia wa zamani waliziita zile 22. Nimecheza karata tangu utotoni, wala sikuwahi kujiuliza kopa ni kitu gani.

Basi tukapewa ruhusa, kwa sharti kwamba asitabiriwe mtu. Tulianza na maboksi ya sabuni; tulipofika karata ya ishirini rundo likawa nene kama tofali. Tukahamia karatasi ya manila, sentimita 7 kwa 12, tukabandika vipande vya kalenda na magazeti. Gurudumu la Bahati tulilipa tairi la baiskeli. Yule Mjinga, ambaye katika karata nyingi za zamani hana hata namba, tulimfanya kondakta wa daladala; makondakta watanisamehe. Anayetaka kujaribu ajue kwamba gundi hupinda karatasi: bandika na upande wa nyuma, kisha ulaze chini ya vitabu vizito usiku kucha. Na migongo ifanane yote, la sivyo mwenye macho makali atajua umeshika nini.

Karata ya 9 ni mzee aliyeshika taa. Jioni moja nilirudi kazini nikamkuta mzee huyo amekwisha bandikwa, na mzee mwenyewe ni marehemu baba yangu, amesimama pwani na karabai yake ya uvuvi. Ilikuwa picha yake pekee tuliyokuwa nayo. Binti alikuwa amemkata kwa mkasi kufuata mabega. Bahari na ngalawa zimo kwenye pipa la taka. Sikuweza kumgombeza. Mimi ndiye niliyemwambia achukue picha yoyote atakayoiona nyumbani.

Siku mbili Mama hakusema neno. Siku ya tatu tulikuwa mkekani tunapanga karata, akaja akasimama juu yetu.

"Nipeni hiyo ya tisa."

Akaitazama kwa muda mrefu, akaifuta kwa pindo la khanga, akaenda nayo chumbani kwake. Binti aliniuliza kama tutengeneze ya 9 nyingine. Nikamwambia asubiri kwanza.

Mpaka leo tunazo 77.