Mtoto Asiyeitika

Ndugu mliotoka Muscat, Mombasa na Toronto, karibuni Leicester.

Nimeombwa nizungumzie malezi, nami nimechagua kusimulia kosa langu mwenyewe. Mwanangu wa pili, alipokuwa na miaka 4, alikuwa akiitwa haitiki. Nilimwita mkaidi, na siku moja nikamchapa. Mwalimu wake akatushauri tuache Kiswahili nyumbani, akidai kwamba lugha mbili zinamchanganya. Tukatii mwaka mzima. Bibi yake, asiyejua Kiingereza, akawa hukaa naye kimya kama abiria wawili wasiojuana. Alipopimwa masikio, ilibainika kwamba nyuma ya ngoma zote mbili mlikuwa na majimaji mazito kama gundi.

Hali hii aghalabu haina maumivu, ndiyo maana hujificha. Mrija utokao sikio la kati kwenda nyuma ya pua, kwa mtoto mdogo, ni mfupi tena umelala. Ukiziba kwa mafua, majimaji hubaki ndani. Mtoto hawi kiziwi kabisa. Husikia kama mtu aliyejiziba masikio kwa vidole, leo afadhali, kesho vibaya. Sauti dhaifu ndizo hupotea kwanza: “fika” na “pika” huweza kuwa neno moja kwake, na katika Kiingereza ile s ya mwisho itengayo kimoja na vingi haimfikii. Darasani huambiwa aoanishe herufi na sauti ambayo hajapata kuisikia barabara.

Lakini nisiwatie hofu. Watoto wengi hupatwa, na wengi hupona wenyewe katika miezi 3. Utafiti wa Pittsburgh, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba watoto waliotiwa vijibomba masikioni mapema, kabla ya kutimiza miaka 3, hawakuwazidi kwa kusoma wenzao waliosubirishwa, walipofikia miaka 9 hadi 11. Basi tusikimbilie kisu. Ila mtoto ambaye usikivu wake umebaki hafifu kwa miezi, au aliyechelewa kusema, asicheleweshwe, ombeni apimwe. Mkimsemesha, mkaribieni, mtazameni usoni, zimeni televisheni. Msomeeni akiwa mapajani. Wala msimnyang’anye Kiswahili, kwani lugha haileti maji sikioni.

Shangazi amenikonyeza nisiguse habari ya mafuta ya nazi ya moto. Nitaigusa: sikio litokalo usaha lisitiwe kitu ila kwa amri ya daktari. Chupa ya maziwa mtoto asinyonye amelala chali. Na wajomba zangu wavuta sigara, mlango wa nje ni ule pale.

Mwanangu alipona, na sasa anasoma lugha zote mbili. Bibi yake alifariki kabla hatujamrudishia Kiswahili. Jina lake limo katika ukurasa wa ukoo wa kijitabu hiki, na mwanangu ndiye aliyeupiga chapa.