Vijana wa Mwaka 1978



Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, ndugu zetu wa ng'ambo ya mto walikimbilia huku, wakalala humu kanisani. Nami, kijana wa miaka 18, nilikwisha kuikariri Amri ya Tano pamoja na maelezo yake. Lakini usiku nilitamani bunduki. Tena shangazi yangu alikuwa ameolewa Masaka. Nimwombee nani? Mwenzangu wa kipaimara akajiunga na mgambo, mimi nikabaki, na haya ikanitafuna kuliko hofu. Kampala ilipotwaliwa, Aprili 11, 1979, kengele hii ilipigwa kwa shangwe. Masaka ilikwisha kubomolewa. Niliivuta kamba pamoja na wenzangu, huku nikilia, wala sikumweleza hata mwalimu wetu.