Lango la Chumvi na Sukari
(Mazungumzo kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Pongwe)



Nimeombwa niseme machache juu ya somo la Biolojia. Nimechagua utando wa seli. Kwa kutoujua tulimpoteza mdogo wangu. Kwa kuujua nilimpata mwanangu.

Sote tumekula ng'onda. Samaki akitiwa chumvi, maji humtoka, maana utando wa seli huyapitisha maji yafuate chumvi. Utando huo ni tabaka mbili za mafuta, unene wake kiasi cha sehemu 8 katika milioni moja ya milimita. Chumvi na sukari haziwezi kupenya mafuta hayo. Zina malango yake, yaliyojengwa kwa protini.

Mdogo wangu alipoharisha, wazee walimnyima maji, wakidhani yanazidisha ugonjwa. Hakumaliza siku ya pili. Siwalaumu, hakuna aliyewaeleza.

Mwaka 1960, mjini Prague, mtaalamu Robert Crane alieleza kwamba katika utumbo mwembamba liko lango linaloingiza chumvi na sukari kwa pamoja. Zikiingia hizo, maji hufuata. Sumu ya kipindupindu, maradhi yaliyotutesa nchini mwaka 1978 na mara nyingi baadaye, hufungua lango jingine, chumvi na maji vikamwagika nje. Lakini lile lango la pamoja huendelea kufanya kazi. Hapo ndipo ilipo tiba.

Mwanangu alipoharisha usiku, mama yake alimnywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, mpaka tukafika zahanati asubuhi. Leo yeye mwenyewe ni baba.

Vijana, shikeni kipimo: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko. Msizidishe chumvi, maana mtamfanya mtoto ng'onda. Pakiti ya zahanati ni bora zaidi ikipatikana, na kumpeleka mgonjwa kwa mganga ni lazima.

Katika mtihani mtaambiwa mchore utando. Uchoreni vizuri, mpate alama. Lakini likizo mkikuta nyumbani mtoto anaharisha na watu wazima wanamficha maji, semeni kwa adabu, ila semeni. Mtihani wenyewe ndio huo.