Vipande vya kuchonga midomo ya klarineti: tuvitafute wapi?

Maneno yaliyosemwa na timu ya uwanjani mbele ya wanachama wa Kasongo na wajumbe wa Kabambare

 

Kamati imetuomba tujibu swali moja. Vijana wa atelie wanataka kutengeneza midomo ya klarineti na saksofoni, ile wanafanfare wanaita beki. Watapata wapi vipande vya kuchonga kwa bei ambayo mfuko wetu unaweza kubeba? Ombi liko mezani: kutoa sehemu kubwa ya mfuko wa mwaka huu ili tununue mpingo kutoka Tanzania. Kura itapigwa leo. Basi mbele ya kura tuseme yale tunayojua.

Kazi yenyewe ni nzuri, hatuipingi. Fanfare hapa kwetu si mchezo tu. Inapiga kwenye harusi, kwenye sikukuu za shule, na inasindikiza maiti. Klarineti ikikosa mdomo, chombo chote kinalala kabatini. Na vijana waliojifunza useremala ukimbizini wamerudi na ufundi mikononi, lakini bila kazi. Swali letu ni la vipande tu.

Kwanza tujue mdomo unataka nini. Mdomo wa klarineti una urefu wa karibu sentimeta 9. Kati ya ncha yake na ulimi wa tete kuna nafasi ya karibu milimeta 1. Ukibadilisha nafasi hiyo kwa sehemu moja ya kumi ya milimeta, mpigaji anasikia tofauti palepale. Kwa hiyo kipande kisichotulia, kinachovimba kwa mate na kujikunja kikikauka, hakifai hata kama umepewa bure.

Sasa tuje kwa mpingo. Ni mti wa heshima. Ubao wake ni mzito hadi unazama majini, na njo maana viwanda vya Ulaya vinatengenezea miili ya klarineti na obo. Unakua polepole sana. Mti wa kufaa unaweza kuwa na miaka 70 au zaidi. Kule Kilwa, kusini mwa Tanzania, vijiji vinavyolinda misitu yao vilipata cheti cha FSC mwaka 2009 ili kuuza mpingo wao. Hilo ni fundisho kwetu pia: kijiji chenye haki juu ya msitu wake kinapata faida kwa kuutunza.

Lakini kuna mambo mawili. La kwanza ni karatasi. Tangu tarehe 2 Januari 2017 miti yote ya jamii ya mpingo imo katika mkataba wa CITES. Mwishoni mwa mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika, pamoja na sehemu zake zilizokamilika, vilipewa msamaha. Angalieni neno hilo: vilivyokamilika. Klarineti inavuka mpaka bila kibali cha CITES, ila kipande ambacho bado hakijachongwa kinahitaji kibali. Mtu akituambia atavusha vipande kutoka Kigoma hadi Kalemie ndani ya gunia la mchele, tumjibu hapana. Mzigo ukikamatwa, tunapoteza pesa ya wanachama, jina letu na imani ya wafadhili siku moja.

La pili ni kazi yenyewe. Zamani midomo ilichongwa kwa mbao, ndiyo. Mafundi waliiacha kwa sababu ubao unaoingia kinywani kila siku unajikunja. Siku hizi midomo mingi inatoka katika mpira mgumu, unaoitwa ebonaiti. Ni mpira wa mti uliopikwa na salfa nyingi mpaka unakuwa mgumu kama pembe. Nelson Goodyear alipata hati ya uvumbuzi huo Marekani mwaka 1851. Wazee wetu wanajua upande mwingine wa habari ya mpira: chini ya Leopold II, kati ya 1885 na 1908, watu wa Kongo walilazimishwa kuuvuna porini kwa mateso. Leo tunanunua fimbo ya ebonaiti kutoka nje. Hata hivyo inakerezeka vizuri, haivimbi, na haidai kibali cha CITES. Isipate maji ya moto wala jua kali tu, maana inabadilika rangi na kutoa harufu ya salfa.

Kipande cha bei ndogo kuliko vyote kiko tayari hapa: ni midomo iliyoharibika. Mdomo wa ebonaiti uliomeguka kidogo kwenye ncha, au ambao uso wake umelika, mara nyingi unaweza kupona. Fundi analaza karatasi ya msasa laini juu ya kioo kilichonyooka, anasugua uso wa mdomo polepole, anapima, anasugua tena. Hapo hatununui kipande chochote. Tunanunua msasa, kioo na kifaa cha kupimia.

Na mbao za hapa? Hazina budi kukaushwa sawasawa, na hapo njo pesa inapotea. Tuchukue mfano wa hesabu tu: vipande 10 kwa franga 3,000 kila kimoja ni 30,000. Vinne vikipasuka, vile sita vilivyobaki vimekugharimu 5,000 kila kimoja. Bei ya sokoni si bei ya kweli. Kipande kipakwe nta au rangi kwenye ncha mbili, kikae kivulini, juu ya fito, hewa ipite pande zote. Kila wiki kipimwe kwa mizani na uzito uandikwe. Uzito ukiacha kushuka wiki nyingi mfululizo, kimekauka kwa hali ya hewa yetu. Na mti wowote ambao watu wanatumia kuulia samaki, au ambao vumbi lake linawasha ngozi, usiguse kinywa cha mtoto wa shule.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Pesa ya mpingo isitoke mwaka huu. Sehemu ndogo ya mfuko inunue vifaa vya kupima na msasa, na vijana waanze kutengeneza midomo ya zamani, ambayo tutaikusanya kutoka fanfare za parokia na shule za Kasongo na Kabambare. Sehemu nyingine inunue fimbo chache za ebonaiti kupitia kwa muuzaji anayetoa risiti. Mbao zetu zitumike kwa filimbi za kujifunzia, na banda la kukaushia lijengwe kwa mikono yetu kwa salongo. Kazi ikionekana, na wateja wakilipa, basi tutarudi kuzungumza mpingo, tukiwa na kibali mkononi.

Ba memba wa Kabambare, tunawaomba mkirudi muulize kila kwaya na kila shule: nani ana klarineti isiyolia? Msinunue, msitupe. Andikeni tu jina la mahali na idadi, mtuletee kwa kikao kinachofuata. Wafadhili, mkitaka kusaidia, midomo mibovu iliyolala kwenye droo zenu huko itatufaa kabla ya mbao yoyote.

Kura ni yenu.